Kilima cha Budo: Shule ya Bweni na Lugha Iliyoachwa Langoni

Kila mwanzo wa mwaka, sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kampala huulizwa swali lile lile na wanafunzi wa kidato cha kwanza: kwa nini wazee wao hawapendi kukisikia Kiswahili nyumbani? Kwa muda mrefu tulikuwa na jibu jepesi. Tuliwaambia kwamba katika utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, Kiswahili kilisikika zaidi vinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, na mtu aliyeamrishwa mbele ya mtutu wa bunduki hawezi kuipenda lugha aliyoamrishwa kwayo. Jibu hilo si la uongo. Hata hivyo, mwanafunzi mmoja, binti mkimya wa dawati la nyuma, alituambia siku moja kwamba bibi yake alimaliza masomo ya bweni kabla Amin hajajulikana, na tangu hapo alikuwa akikiita Kiswahili lugha ya wapagazi. Je, huyo aliyafunzwa wapi hayo? Hatukuwa na la kumjibu. Makala hii ni jibu letu, ingawa limechelewa.

Tumelitafuta jibu hilo juu ya kilima. Msafiri atokaye Kampala kwa barabara ya Masaka, akienda kilomita kama 15, atafika karibu na kilima cha Budo. Hapo pana mahali paitwapo Naggalabi, ambapo Kabaka wa Buganda hutawazwa. Mutesa wa Pili alitawazwa huko mwaka 1942, na Ronald Mutebi wa Pili tarehe 31 Julai, 1993. Juu ya kilima hicho hicho, katika ardhi iliyotolewa kwa jina la Kabaka Daudi Chwa, ambaye wakati huo alikuwa mtoto chini ya uangalizi wa wakuu wake, wamisionari wa Kanisa la Uingereza wa chama cha CMS walifungua shule ya bweni tarehe 29 Machi, 1906. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana 21. Shule ikaitwa ya Mfalme, na hadi leo hujulikana kwa jina la King's College, Budo.

Haikuwa shule ya kwanza ya aina yake. Mapadri wa Mill Hill walikuwa wamekwisha kuanzisha Namilyango mwaka 1902, na mwaka 1905 CMS ilifungua Gayaza kwa ajili ya wasichana, chini ya Bibi Alfreda Allen, ikiwa na wasichana wanne tu. Kisubi nayo ni ya mwaka 1906. Twaichagua Budo kwa sababu ndiyo iliyotoa viongozi ambao majina yao yamejaa katika vitabu vya historia tunavyofundishia, na kwa sababu kilima chake chenyewe ni hoja. Kuijenga shule mahali anapotawazwa mfalme hakukuwa jambo la bahati. Aliyepanda pale kusoma alijua amepanda kujiandaa kutawala.

Yafaa tukumbuke kwamba wamisionari hawakuleta Buganda wazo la kumtoa mtoto kwao akalelewe mahali pengine. Wazo hilo lilikuwako kabla yao. Watoto wa watu wakuu walipelekwa katika boma la mtawala, liitwalo ekisaakaate kwa Kiganda, wakajifunza adabu, utii, usemi mzuri na siri za utawala. Katika jumba la Kabaka walikuwamo vijana watumishi walioitwa bagalagala. Ndio waliotumwa, waliosikiliza kesi, na waliokua wakawa machifu. Wengi wa wafia dini wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887 walikuwa vijana wa aina hiyo. Kwa hiyo baba aliyempeleka mwanawe Budo mwaka 1906 alifanya kwa sura mpya jambo ambalo babu yake alilifanya kwa sura ya kale. Kwetu sisi walimu wa lugha, neno lenyewe bweni linafaa sana hapa, kwani hata katika jamii zetu za pwani lilikuwa na maana ya makazi ya kulala vijana ambao bado hawajaoa wala kuolewa, kabla halijachukuliwa na watu wa shule.

Kulikuwa pia na sababu ya mali. Mapatano ya mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda yaliwagawia machifu na watu wengine wakubwa ardhi ya maili za mraba 8,000. Chifu aliyekuwa na ardhi, barua za serikali na hesabu za kodi alihitaji mrithi ajuaye kuandika na kuhesabu. Katikiro Apolo Kagwa, pamoja na karani wake Ham Mukasa, alikwenda Uingereza mwaka 1902 kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, wakayaona makuu ya huko kwa macho yao. Watu wa namna hiyo hawakubembelezwa ili wapende shule. Wao ndio waliozidai.

Mkuu wa kwanza wa Budo alikuwa Kasisi H. W. Weatherhead, na baada yake akafuata ndugu yake, H. T. C. Weatherhead. Kusudi la ndugu hao lilikuwa kuchukua mtindo wa shule za bweni za watu wakubwa wa Uingereza na kuulinganisha na hali ya Buganda. Ndipo yakaja mambo ambayo kila aliyelala bweni katika nchi hii anayajua: kengele, sala ya asubuhi, viranja wenye mamlaka juu ya wenzao, michezo ya lazima, kazi za mikono, na wanafunzi kugawanywa katika nyumba, kila nyumba ikiwa na jina na fahari yake. Majina ya nyumba za Budo yenyewe ni ramani ya dunia: zimo Canada na Australia, na baadaye zikaja Ghana na Nigeria, ipo pia Sabaganzi, jina la heshima la Buganda. Msomaji atazame orodha hiyo aone jinsi macho ya kilima yalivyotazama mbali sana ng'ambo ya bahari, yakairuka pwani iliyo jirani.

Lakini pwani ndiko elimu hiyo ilikopitia kuja. Hapa hatuna budi kurudi nyuma, kwa maana sehemu hii ya historia aghalabu husahauliwa hata na walimu wa Kiswahili wenyewe.

Mwaka 1864, Askofu Tozer na mwenzake Edward Steere walifika Unguja kwa niaba ya misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, UMCA. Sultani aliwapa watoto watano wa kiume waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na hao wakawa mwanzo wa shule. Shule ile ikaja kukaa Kiungani, nje kidogo ya mji, ikaitwa chuo cha Mtakatifu Andrea. Watoto wake walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, waliopotezana na kwao, wasio na lugha moja. Lugha yao ikawa Kiswahili. Kwacho walisali, kwacho walifundishwa, na kwacho walipiga chapa vitabu kwa mikono yao wenyewe. Steere alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Gazeti la Msimulizi lilianza kuchapwa Kiungani mwaka 1888. A. C. Madan, ambaye kamusi zake zilitangulia hizi tunazotumia leo, alifanya kazi katika misheni hiyo hiyo. Tukisema kwamba shule ya bweni ya Kikristo ni mojawapo ya mahali ambapo Kiswahili cha maandishi ya Kirumi kililelewa, hatutii chumvi. Mwaka 1925 chuo hicho kilihamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam.

Sasa basi, Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwezi Aprili, 1875, alikuwa na kijana aliyesomeshwa na misheni hiyo ya Unguja, jina lake Dallington Maftaa. Kabaka alikijua Kiswahili, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakifika Buganda tangu mwaka 1844, nao walileta dini ya Kiislamu na maandishi ya Kiarabu. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki. Alimsomea Kabaka Maandiko kwa Kiswahili, akawa mwandishi wake wa barua. Wamisionari wa kwanza wa CMS walipowasili tarehe 30 Juni, 1877, walimkuta akiwa hapo. Kwa hiyo, miaka miwili kabla Mzungu yeyote hajafungua darasa Buganda, mwalimu wa Kikristo alikuwa amekwisha kufundisha, naye alikuwa Mwafrika aliyetolewa utumwani, na lugha yake ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Tumewahi kuwauliza wanafunzi wa diploma ya ualimu jina lake. Hakuna hata mmoja aliyelijua. Sisi pia, tulipokuwa chuoni, hatukulijua.

Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878, aliwafundisha wasomaji wake wa mwanzo kwa vitabu vya Kiswahili vilivyotoka kwa Steere, huku akijifunza Kiganda na kuanza kukipiga chapa. Alitumaini kwamba siku moja Kiswahili kingekuwa lugha ya kuwaunganisha watu wa sehemu hizi zote. Alifariki mwaka 1890. Mwishoni mwa mwaka huo huo akaja Askofu Alfred Tucker, ambaye alikuwa na mawazo mengine kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1908 alieleza waziwazi kwamba hakukitaka Kiswahili kiwe lugha ya kazi ya kanisa, kwa vile alikiona kimeshikamana mno na Uislamu. Na kama ilikuwa lazima pawe na lugha moja ya kuwaunganisha watu, yeye aliitarajia Kiingereza.

Tusimhukumu kwa haraka. Upande mmoja wa shauri lake ulikuwa na hekima, nao ni kwamba mtu asome neno la Mungu kwa lugha ya mama yake. George Pilkington alimaliza Agano Jipya la Kiganda mwaka 1893, na Biblia nzima ikapatikana mwaka 1896. Kitabu hicho kilifanya Kiganda kiwe lugha ya maandishi yenye nguvu, na Waganda wakakipenda kwa haki. Tunayoilaumu ni sababu ya pili, ya kuiogopa lugha kwa ajili ya dini ya wasemaji wake. Kiungani ilikuwa imekwisha kuonyesha kwa miaka zaidi ya ishirini kwamba Kiswahili kinaweza kubeba zaburi kama kinavyobeba kasida. Tucker hakuwa na haja ya kwenda mbali kuuliza. Wenzake wa kanisa moja walikuwa Unguja.

Basi Budo ilipofunguliwa mwaka 1906, ilifunguliwa chini ya askofu huyo. Nyumbani na kanisani kilitawala Kiganda. Mbele, kwenye ofisi za serikali, kilitazamwa Kiingereza. Kiswahili hakikupigwa marufuku kwa tangazo lolote tunalolijua. Kiliachwa tu langoni, pamoja na wapagazi walioleta mizigo.

Mambo yalichacha mwaka 1927. Gavana William Gowers alitoa waraka akitaka Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya elimu na ya utawala katika Uganda. Maaskofu walipinga. Kabaka Daudi Chwa naye alipinga. Wengine wamelitazama pingamizi hilo kama majivuno tu ya Waganda, na sisi tuliwahi kuliona hivyo. Lakini miaka hiyo hiyo tume ya Hilton Young ilikuwa ikizunguka kuchunguza kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe, na watu wa Uganda waliwaona walowezi wa Kenya na jinsi walivyochukua ardhi. Kwao, Kiswahili kilionekana kama daraja ambalo walowezi wangelipita. Mtu anayelinda ardhi yake asilaumiwe kwa kulitilia shaka daraja. Uganda iliingia katika Kamati ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1930, lakini kwa moyo baridi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kiswahili kikaondolewa katika orodha ya lugha za shule, kikabaki kwa polisi na jeshi. Hapo ndipo lilipo jibu la bibi wa mwanafunzi wetu. Serikali yenyewe iliigawa nchi kwa lugha: waliopanda kilima walipewa Kiingereza, na walioshika bunduki walipewa Kiswahili. Amin, ambaye hakupata elimu ya bweni bali alilelewa na jeshi la KAR, alikuwa mtoto wa mgawanyo huo. Alipoagiza mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa, watu wa kilimani walisikia sauti ya kambi.

Tusiisimulie Budo kana kwamba haikufanya jingine ila kukinyima Kiswahili nafasi. Kasisi H. M. Grace, aliyekuwa mkuu wa shule tangu 1926 hadi 1934, aliingiza wasichana wasome pamoja na wavulana, jambo lililowashtua wazazi wengi wakati huo. Mmoja wa waliofuata njia hiyo ni Sarah Nyendwoha, mzaliwa wa Hoima, aliyetoka Budo akaenda Makerere na kisha Oxford, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, mwaka 1954. Aliporudi kufundisha alikuta mshahara aliopangiwa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanamume mwenye elimu ile ile. Akaukataa mshahara wote, akafundisha bure, mpaka wakubwa wakaona haya. Baadaye aliolewa na mchoraji Sam Ntiro wa Tanganyika. Walimu wenzetu wanaolalamikia malipo watapata la kuzungumza hapo.

Wala utii wa bweni haukuwa kamili. Mwaka 1942, mwaka ule ule Mutesa wa Pili, ambaye naye alisoma Budo, alipotawazwa, wanafunzi walifanya ghasia kubwa chini ya mkuu Dennis Herbert, aliyekuja kuitwa Lord Hemingford. Kanisa na serikali vilishangaa: shule iliyotakiwa kutoa viongozi imetoa waasi! Sisi hatushangai sana. Ukimfundisha kijana kila siku kwamba amezaliwa kuongoza, kisha ukamtendea kama asiye na kauli, usitazamie anyamaze. Miaka kumi baadaye Abu Mayanja, Mwislamu aliyesoma kilimani hapo, alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Uganda National Congress, kilichoanza kudai uhuru mwaka 1952.

Na kuna kejeli moja ya historia ambayo hatuwezi kuipita. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania liliingia Kampala likisema Kiswahili, likamng'oa Amin. Yusuf Lule aliyeapishwa kuwa rais mwezi Aprili mwaka huo, na Godfrey Binaisa aliyemrithi mwezi Juni, wote wawili walisoma Budo. Wakazi wa mji huu wenye umri mkubwa husimulia jinsi walivyowasikia askari wale wakisema "samahani mama" na "tafadhali mzee". Wengine walikuwa hawajapata kujua kwamba Kiswahili kina maneno hayo.

Sisi wenyewe tulipitia bweni, katika shule ambayo hatutaitaja. Palikuwa na kibao kilichotungwa kwa kamba, akivishwa shingoni yeyote aliyenaswa akisema lugha isiyo Kiingereza. Mvaaji alitakiwa amsikilize mwenzake mpaka naye ateleze, ndipo amkabidhi kibao. Wiki moja tulikivaa kwa sababu tulimwita mpishi "mzee". Kiranja alisema neno hilo ni la lugha ya kienyeji. Mpishi, mtu wa Tororo aliyewahi kufanya kazi Mombasa, alicheka akatuongezea maharage. Huenda kazi tunayofanya leo ilianzia katika sahani ile.

Sheria zimebadilika tangu hapo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na mwezi Julai, 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu hawatoshi, na vitabu hivyo hivyo. Lakini lango limefunguliwa, hata kwa shule zilizo juu ya vilima.

Tukirudi darasani: tulipomaliza kuwasimulia wanafunzi wetu habari hizi, yule binti wa dawati la nyuma alitaka kujua kama wito wa shule ya Budo, ambao ni wa Kiganda, Gakyali Mabaga, unaweza kusemwa kwa Kiswahili. Tukaligeuza kuwa zoezi. Mmoja akaleta "Ndiyo kwanza twaanza". Mwingine, "Bado mapema". Wa tatu akasema, "Kazi ingali mbichi", darasa likapiga makofi. Kisha tukaliandika neno gakyali ubaoni, na chini yake neno yangali. Tukawauliza: ga ya Kiganda katika ngeli hii ni nini kwetu? Wakasema ni ya. Na kya? Wakatazamana, wakasema nga. Na li? Hiyo hakuna aliyehitaji kuijibu. Walibaki wakiyatazama maneno yale mawili, moja juu ya jingine, mpaka kengele ikalia, na binti yule akainuka kuyanakili kabla hayajafutwa.